Namna ya kuwamaliza kupe nyumbani bila kumfukuza mbwa

Ukiona kupe anapanda ukuta wa sebuleni, usimuue kwanza. Washa tochi ya simu umfuate. Atakupeleka juu, pale ukuta unapokutana na dari, au nyuma ya boksi la pazia, au nyuma ya picha ya harusi. Hapo utawakuta wenzake wamejibanza. Ukishaijua maskani yao, basi, sasa muue.

Kupe anayesumbua nyumba nyingi zenye mbwa, kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Kampala, ni kupe wa kahawia wa mbwa. Wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Huyu si kama kupe wa ng'ombe anayengoja malishoni. Anaweza kuanguliwa, kukua na kutaga ndani ya nyumba yako bila kuona nyasi hata siku moja. Anachohitaji ni ufa wa kujifichia na mbwa wa kunyonya.

Jike akishiba damu huachia ngozi mwenyewe. Tumbo limefura, rangi imegeuka kijivu, anajikokota mpaka apate mwanya. Humo hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Baada ya wiki mbili hadi tano hivi, kutegemea joto, hutoka vitoto vyenye miguu sita, vidogo mno. Vinampanda mbwa, vinanyonya, vinashuka, vinajificha, vinajivua ngozi, vinarudi kunyonya tena. Kabla ya kuwa jike wa kutaga, kila mmoja ameshapanda na kushuka mara kadhaa. Kwenye joto la pwani mzunguko wote unaweza kukamilika kwa miezi miwili na ushei.

Kwa hiyo kupe unaowaona mwilini mwa mbwa ni wachache tu. Wengi wako ukutani wakingoja zamu. Ukimwogesha mbwa ukaiacha nyumba, kesho anapandwa upya. Ukipuliza nyumba ukamwacha mbwa, waliomo mwilini watashuka waijaze tena. Vyote viwili vifanyike siku moja.

Na usimpeleke mbwa kwa shangazi eti nyumba ipumzike. Kupe mkubwa anaweza kukaa na njaa zaidi ya mwaka mmoja. Ukimwondoa mbwa umewaondolea chakula wanachokipenda, na baadhi yao wataanza kuwajaribu watu. Mbwa abaki, ila abaki akiwa na dawa mwilini, ili kila kupe atakayempanda afe. Mbwa huyohuyo ndiye mtego wako.

Dawa ya mbwa

Anza na uzito. Dawa nyingi hupimwa kwa kilo, na kukadiria kwa macho ndiko kunakoharibu kazi. Mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani, kisha jipime peke yako. Toa. Kama ni jibwa lisilobebeka, kaliweke kwenye mizani ya daktari wa mifugo.

Kama mfuko unaruhusu, nunua kidonge cha kutafuna. Soma maandishi madogo kwenye boksi, tafuta majina haya: afoxolaner, sarolaner au fluralaner. Viwili vya kwanza hudumu mwezi, fluralaner hudumu wiki 12. Uzuri wake ni kwamba huwezi kukosea kuchanganya, na mvua au kuoga hakuondoi dawa. Kama mbwa wako amewahi kupata degedege, mwambie daktari kabla hujampa.

Kidonge hakimfukuzi kupe. Kupe lazima aume ndipo afe. Kwa hiyo usishtuke ukiendelea kuona kupe juu ya mbwa wiki za mwanzo. Waangalie vizuri: wengi watakuwa wamekauka au wanakaribia kufa. Hao ndio wanaotoka ukutani kuja kwenye mtego.

Bei ya kidonge ikikushinda, kuna matone ya mgongoni yenye fipronil. Tenganisha manyoya katikati ya mabega, dondoshea kwenye ngozi yenyewe, si juu ya manyoya. Usimwogeshe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Kama una sungura nyumbani, fipronil isiwafikie kabisa. Huwaua.

Kuna pia mkanda wa shingoni. Ule wenye imidacloprid na flumethrin, ukiwa halisi, hufanya kazi hadi miezi 8. Ukishaufunga, vidole viwili vipite chini yake. Mikanda ya bei ya kutupa inayouzwa barabarani bila jina la dawa wala tarehe ya mwisho ni mapambo tu.

Wengi wetu tutaishia kwenye dawa ya kuogeshea, hasa amitraz, kwa sababu iko kila duka la dawa za mifugo na haiumizi mfuko. Inafanya kazi, mradi uichanganye sawasawa. Kipimo cha ng'ombe na cha mbwa kwenye chupa si lazima viwe kimoja, kwa hiyo soma sehemu ya mbwa. Kama mbwa hajaandikwa, muulize daktari wa mifugo kabla ya kufungua. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kifuniko cha soda si kipimo.

Mwogeshe mbwa kwanza kwa sabuni ya kawaida, msuuze, mkaushe kiasi. Vaa glavu. Mpake dawa kwa sponji kuanzia nyuma ya masikio kwenda mkiani, ukikwepa macho na mdomo. Ingia kati ya vidole vya miguu. Ingia kwapani. Nyanyua mkia. Hapo ndipo watu wanaporuka, na hapo ndipo kupe wanapokaa. Usimsuuze. Akaukie kivulini, na usimwache ajilambe akiwa bado na majimaji. Dawa uliyochanganya itumike siku hiyohiyo, na mabaki yasiende mtoni wala kwenye bwawa la samaki.

Mbwa akisinzia kidogo baada ya amitraz si ajabu. Akianza kuyumba au kulegea kabisa, mkimbize kwa daktari. Watoto wa mbwa, mbwa mwenye mimba na mbwa mwenye kisukari wasiogeshwe nayo bila ushauri wa daktari. Kwa vitoto vichanga sana, njia salama ni kitana cha meno membamba, maji ya uvuguvugu na subira yako.

Paka hana msamaha

Kupe huyu hampendi sana paka, na paka mwenyewe hujisafisha. Lakini kama una paka na mbwa pamoja, simama hapa kidogo. Permethrin, iliyo kwenye dawa nyingi za mbwa, inaweza kumuua paka. Atatetemeka, atapata degedege, na muda wa kumwokoa ni mfupi. Amitraz nayo si ya paka. Usimpake paka "kidogo tu" ya dawa ya mbwa. Mbwa akiwa amelowa dawa, watenganishe mpaka akauke kabisa, maana paka anayelala ubavuni mwa mbwa atailamba kutoka kwenye manyoya yake mwenyewe. Mnunulie paka dawa iliyoandikwa paka.

Unayoshauriwa mtaani

Mafuta ya taa: hapana. Yanaunguza ngozi, na mbwa akiyalamba yanaweza kuingia mapafuni.

Oili chafu ya gari: hapana tena, hata kama jirani anaapa. Kupe kadhaa watakufa kweli, lakini mbwa atashinda analamba sumu.

Sindano ya ivermectin ya ng'ombe ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu huja na sura ya kitaalamu. Imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Kosa dogo kwenye bomba ni dozi kubwa mno kwa mbwa, na mbwa wa jamii ya collie na baadhi ya mbwa wengine wa kuchunga mifugo wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo iingie kwenye ubongo. Tena kwa kupe haina nguvu ya kutosha. Usihangaike nayo.

Mwarobaini? Chemsha ukipenda, mwogeshe, hauna ubaya. Lakini usiutegemee kuimaliza nyumba iliyokwisha kuvamiwa.

Kuwatoa kwa mkono

Siku hiyohiyo, toa unaowaona. Tumia kibano cha nyusi chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale kichwa kilipozama, si tumboni. Vuta moja kwa moja kwenda juu, kwa nguvu ya taratibu isiyokatika. Usizungushe. Usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti ili "aachie mwenyewe". Ukimsumbua hivyo anaweza kutema mate yake yenye vijidudu ndani ya kidonda.

Usimpasue kwa kucha. Damu iliyomo tumboni inaweza kuwa na ugonjwa. Weka karibu nawe kichupa chenye spiriti, uwadondoshe humo. Kuwatupa tu kwenye maji hakuwaui upesi. Ukimaliza, pangusa ngozi ya mbwa kwa dawa ya vidonda na unawe mikono kwa sabuni.

Sehemu za kupapasa: ndani ya masikio na mikunjo yake, chini ya mkanda wa shingo, kwenye kope, kidevuni, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kama mbwa wako ni wa ulinzi na hana utani, mfunge mdomo kwanza, na mtu aliyezoeana naye amshike.

Sasa nyumba

Anza pale mbwa anapolala. Kila gunia, godoro la sponji na kipande cha zulia kilichochakaa kitoke. Cha kutupa kifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla hujakipitisha sebuleni. Cha kubaki kilowekwe kwenye maji ya moto sana, kifuliwe, kianikwe kwenye jua kali mpaka kikauke kabisa. Kinachovumilia pasi, kipige pasi. Joto kavu linawaua kupe kuliko sabuni yoyote.

Kibanda cha mbao kina mianya mingi, na kila mwanya ni wodi ya wazazi. Kitoe nje, kisugue kwa brashi ngumu, kimwagie maji yanayochemka kwenye viungio, kikauke, ndipo upulize dawa. Kama mbao zimeoza na kupasuka, usipoteze dawa. Choma, jenga kingine. Sakafu ya saruji iliyolainishwa ni bora kuliko mbao.

Kisha ingia ndani. Fagia au vuta vumbi kwa vakyumu, ukisisitiza kona, chini ya sofa, ndani ya mikunjo ya viti na pembezoni mwa zulia. Mfuko wa vakyumu utolewe nje papo hapo. Ukiuacha ndani ya mashine, umewahamisha tu. Vile vitoto vidogo vilivyokusanyika ukutani, usivifagie vikatawanyika. Bandika selotepu juu yao, bandua, kunja, tupa.

Angalia juu. Watu huosha sakafu mara tatu na kusahau kwamba kupe huyu hupenda kupanda. Shusha mapazia. Geuza fremu za picha. Pitisha tochi kwenye ukingo wa dari, fremu za milango, nyuma ya soketi na kwenye tundu la waya wa dishi. Ukiona vijipunje vya kahawia vinavyong'aa vimeshikana kama donge la ufuta, hayo ni mayai. Yabandue kwa selotepu hiyohiyo.

Hapo ndipo upulize. Tafuta dawa ya nyumbani yenye cypermethrin au deltamethrin na uichanganye kama chupa inavyosema. Kuongeza ukali hakuongezi kazi. Usilete ndani dawa ya kupulizia nyanya shambani. Toa watoto, wanyama, vyombo na chakula. Funika tangi la samaki na uzime pampu yake ya hewa, au bora zaidi ulitoe nje kabisa, kwa sababu dawa hizi huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Lenga nyufa, kingo na viungio. Hakuna haja ya kulowesha ukuta mzima. Asirudi mtu mpaka pakauke na hewa ipite.

Siku inayofuata, ziba. Saruji kwa nyufa kubwa, putty kwa ndogo, silikoni kwenye fremu. Kazi hii haina mvuto na ndiyo inayoachwa, lakini ufa uliozibwa hauhitaji dawa tena.

Uwanjani usijitese sana. Fyeka majani marefu, ondoa rundo la matofali na mabati lililoegemea ukuta, puliza pembezoni mwa banda. Kuku wanasaidia. Watafiti waliowahi kuchunguza matumbo ya kuku waliokuwa wakizunguka na ng'ombe nchini Kenya walikuta humo kupe kwa makumi. Ila kuku hapandi darini, na asidonoe mahali palipopulizwa karibuni.

Rudia, hata kama huoni kitu

Wiki ya pili nyumba itakuwa kimya, na hapo ndipo wengi wanapoweka bomba stoo. Subiri. Dawa nyingi haziui mayai. Yaliyotagwa kabla ya siku yako ya kwanza bado yanaanguliwa. Puliza tena baada ya wiki mbili hadi tatu, halafu mara ya tatu baada ya muda kama huo. Weka alamu kwenye simu, usitegemee kumbukumbu.

Mbwa naye asikose dozi hata moja kwa miezi sita mfululizo. Pwani hatuna baridi ya kuwapunguza kupe, kwa hiyo kama unaweza, mpe mwaka mzima. Kidonge kikichelewa hata wiki mbili, mtego umefunguka.

Kama umefanya yote haya sawasawa mara mbili na kupe wazima, walioshiba, bado wanadondoka kutoka kwa mbwa, badilisha aina ya dawa. Usibadilishe jina la chupa tu. Soma kiambato. Kupe wa kahawia wameonyesha usugu kwa baadhi ya dawa, permethrin ikiwemo, na chupa tatu za rangi tofauti zinaweza kuwa na kitu kilekile ndani.

Ukipanga nyumba zenye uwanja mmoja, ongea na majirani. "Jamani, Jumamosi hii tuwaogeshe mbwa wote pamoja" inafanya kazi kuliko kununua dawa ya bei mbaya peke yako huku mbwa wa dirisha la pili anazalisha kupe.

Dalili za kumkimbiza daktari

Mbwa anayekataa kula, mwenye homa, fizi zilizopauka, damu puani au mkojo mwekundu au wa kahawia, usimpe dawa ya kupe ukasubiri. Kupe huyu hueneza magonjwa ya ehrlichia na babesia, na yote mawili yanaweza kuua. Dawa zipo, lakini zinatofautiana, na daktari anahitaji kupima damu ajue ni lipi. Usinunue sindano kwa kubahatisha.

Na mtu je? Akiumwa na kupe, mtoe kupe kwa kibano vilevile, osha kwa sabuni, andika tarehe. Wiki mbili zinazofuata, angalia homa, maumivu ya kichwa, vipele au kidonda chenye kigaga cheusi pale alipoumwa. Huku kwetu kila homa huanza kwa kipimo cha malaria, na ni sawa. Lakini kipimo kikirudi safi na homa ipo, mwambie daktari wazi: "Niliumwa na kupe tarehe fulani." Asipoambiwa, anaweza asilifikirie kabisa.

Kama nyumba ni ya udongo, na kinachouma kinatoka sakafuni usiku, kinanyonya haraka na kutoweka kabla hujaamka, huyo anaweza kuwa papasi. Huyo ana tabia zake na huleta homa ya papasi, inayokuja na kuondoka. Maelezo haya hayamtoshi. Zungumza na kituo cha afya.

Ukipata mbwa mpya, asivuke mlango kabla hujampapasa mwili mzima na kumpa dawa. Vivyo hivyo mbwa anayerudi kutoka kupandishwa au kulelewa kwa mtu. Na ukienda kukagua nyumba ya kupanga, muulize dalali kama mpangaji aliyepita alikuwa na mbwa. Akijikanyagakanyaga, washa tochi, pitisha kwenye kingo za dari na nyuma ya mlango wa stoo. Ukiwakuta, mwenye nyumba apulize na kuziba nyufa kabla hujalipa kodi ya miezi sita.